Soko la vito Chanthaburi, Thailand: kwa mabroka na wakataji wanaouliza kama inalipa kwenda

Naandika hii kwa ajili ya mabroka wa Arusha, Mahenge, Tunduru, na hata wale wa Voi na Mwatate upande wa Kenya, maana swali ni lile lile kila siku: nikipeleka mawe Thailand niende wapi na je inalipa. Jibu langu ni Chanthaburi. Bangkok kuna Silom na mtaa wa Mahesak, maofisi mazuri, viyoyozi, wanunuzi wakubwa kweli kweli, lakini kama una mzigo wa wastani na jina lako halijulikani utazungushwa ofisi hadi ofisi, utanyweshwa kahawa, utaambiwa bosi anarudi kesho. Chanthaburi hakuna kusubiri bosi, bosi amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yako na taa imewashwa.

Mji wenyewe uko mashariki ya Thailand, kama kilomita 245 toka Bangkok, mkoa wake umepakana na Kambodia na ukivuka mpaka unaingia Pailin, ambako kila mfanyabiashara wa safaya wa zamani amewahi kupasikia. Unapanda basi au vani stendi ya Ekkamai, masaa manne hivi, na barabara ni Sukhumvit ile ile inayopita katikati ya Bangkok ikaenda mpaka Trat. Ni mji mdogo, mtu anayetegemea maghorofa atashangaa, una mto unapita katikati, una nyumba za mbao za zamani, una kanisa kubwa, na una watu ambao wakishika jiwe hata bila lenzi wanakuambia limetoka shimo gani. Hilo la mwisho ndo limenifanya niupende.

Soko liko mtaa wa Si Chan na vichochoro vyake. Siku zake ni Ijumaa mpaka Jumapili, na Jumamosi ndo soko lenyewe, siku nyingine utakuta wenyeji wanauziana vijiwe vidogo vidogo lakini wageni wenye pesa hawapo. Kwa broka wa Arusha utaratibu hautakupa shida, mnunuzi anakaa na muuzaji anatembea. Tofauti ni kwamba pale kila kitu kiko wazi. Mnunuzi anakodi meza kwa siku, anaweka trei nyeupe, mzani, kikokotoo na taa, kisha anabandika karatasi inayosema anataka nini: rubi isiyochomwa (haijapitishwa motoni kuboresha rangi), safaya ya njano, spineli ya pinki, saizi fulani. Wewe unapita unasoma, ukiona kitu chako kinatafutwa unakaa unafungua karatasi uliyofungia mawe yako. Kama huna anachotaka hata hakuangalii, na wala usichukulie kama dharau, muda wake ni pesa na nyuma yako kuna watu kumi wanasubiri.

Sasa kitu ambacho ningependa masoko yetu ya madini yakiige ni namna wanavyofunga ofa. Mara nyingi anayekaa mbele ya meza ni broka tu, mwenye mali yuko nyumbani au yuko kwenye duka lake, kwa hiyo mnunuzi akitaja bei broka hawezi kusema ndiyo pale pale. Wanachofanya, mawe yanarudi kwenye karatasi yake, karatasi inakunjwa, inazungushiwa selotepu, mnunuzi anaandika juu yake bei anayotoa na alama ya meza yake, anasaini juu ya selotepu ili ikifunguliwa ijulikane, halafu broka anaondoka nayo mfukoni kwenda kwa mwenye mali. Mwenye mali akikubali, karatasi inarudi haijafunguliwa na mnunuzi analipa ile bei aliyoandika, hakuna cha nimebadilisha mawazo. Asipokubali anaichana selotepu na ofa inakufa hapo. Na muda wote ikiwa imefungwa hairuhusiwi kupelekwa meza nyingine.

Hii nimeiona ikijaribiwa. Nilikuwa na loti, yaani fungu la mawe linalouzwa pamoja, ya spineli za Mahenge, zimekatwa, pinki inayokwenda kwenye wekundu, nimempa mama mmoja broka mwenyeji wa pale anizungushie maana Kithai changu ni cha kununulia chakula tu. Akarudi na karatasi imefungwa, bei imeandikwa, nikakubali, tukaenda wote mezani. Mnunuzi alipoiona akasema anataka kuifungua kwanza aangalie tena rangi kwenye jua, halafu akaanza kubonyeza kikokotoo na namba ikaja ndogo kuliko ile aliyoandika kwa mkono wake. Yule mama hakupandisha sauti. Aliiweka karatasi katikati ya trei, akaweka kidole juu ya ile sahihi, akawaita wa meza ya kulia na wa meza ya kushoto waje waone, wakaja, wakaangalia namba, wakamwangalia jamaa. Alilipa. Alilipa yote, noti kwa noti, na yule mama akamshukuru kwa heshima kabisa kama vile hakuna kilichotokea. Mi nimefanya biashara hii sehemu nyingi na nakwambia, kuona watu wasiokujua wanasimama upande wako kwa sababu tu ya sahihi iliyo juu ya selotepu ni kitu kikubwa, maana pale jina la mtaa mzima liko kwenye kile kikaratasi.

Mnaopeleka mawe yaliyokatwa nyumbani mnisikilize hapa. Wanunuzi wa Chanthaburi wanaangalia ukataji kabla ya rangi. Wanaligeuza jiwe uso juu, wakiona katikati panaonyesha karatasi ya chini kama kioo cha dirisha, palepale wanahesabu kichwani jiwe likikatwa upya litabaki karati ngapi na bei unayopewa ni ya zile karati zitakazobaki, sio zile unazoziona kwenye mzani wako. Vijana wanaomaliza kile kituo cha jemolojia pale Arusha wanakata vizuri sasa na nimeuza mawe yao bila kukatwa upya, lakini zile kazi za kukimbiza uzito, tumbo la jiwe limeachwa nene ili lipime, pale zinakuumiza mara mbili. Heri upoteze karati nyumbani.

Na mwanga. Fungua mzigo wako asubuhi ukiweza, chagua meza iliyo karibu na mlango au dirisha. Taa ya njano inaipendelea rubi na spineli nyekundu, inaiua safaya ya bluu, kwa hiyo ukiwa unanunua toka nje na jiwe, kaa kivulini, liangalie kwa mwanga wa mchana wa kawaida, hakuna atakayekukataza kama umeacha pesa au kitambulisho mezani.

Lakini kwa nini mji mdogo hivi ukawa hivi? Maana mtu anaweza kudhani ni serikali imejenga jengo na kutangaza soko. Hapana, ni ardhi kwanza. Vilima vya hapo karibu kama Khao Ploi Waen vilikuwa na safaya za njano, za kijani na zile nyeusi zenye nyota, Bo Rai mkoa wa Trat kulikuwa na rubi, na ng'ambo ya mpaka Pailin kulikuwa na safaya za bluu. Miaka ya 1890 kampuni ya Waingereza ilishapewa haki ya kuchimba, wachimbaji wakitoka mpaka Burma. Halafu Burma ikafungwa baada ya jeshi kuchukua nchi 1962, rubi za Mogok zikawa adimu, dunia ikageukia rubi za Thailand na Chanthaburi ikavimba kwa pesa. Shida ya rubi za pale ni kwamba zilikuwa za giza, zina uzambarau, na hapo ndo watu wakaanza kucheza na moto.

Simulizi inayorudiwa sana pale ni ya moto mkubwa uliounguza sehemu ya mji 1968, kwamba mawe ya mfanyabiashara mmoja yaliungua na nyumba na walipofukua majivu wakakuta rangi zimekuwa nzuri kuliko mwanzo. Iwe ndo chanzo au sio, kuanzia miaka ya 70 Chanthaburi ikawa inachoma. Walikuwa wanatumia mapipa ya mafuta na makaa, wakanunua kutoka Sri Lanka safaya za maziwa maziwa ambazo wenyewe walikuwa wanaziona takataka, wakazichoma zikatoka bluu safi, na wakauza dunia nzima. Sisi tanzanaiti tunachoma kwa joto la nyuzi mia kadhaa tu, Arusha kila mtu anajua, ila safaya wenzetu wanafika hadi 1,800 na kazi hiyo ni ya mtu na mwanawe, hafundishwi jirani.

Migodi yao ikaisha. Bo Rai ikanyamaza, Pailin ikawa mikononi mwa Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti wa Kambodia, ambao waliuza vito na magogo kupitia huu huu mpaka ili kulipia vita vyao, mitambo ya Thailand ikaingia ikapekua ardhi, na kufika katikati ya miaka ya 90 mali ikawa imekwisha kwa kiasi kikubwa. Mji mwingine ungekufa hapo. Chanthaburi walikuwa na mikono, wanajua kuchoma, wanajua kukata, wanajua nani ananunua nini, kwa hiyo wakafunga mabegi wakafuata mawe yalipo. Wazee wa Tunduru wanawakumbuka hawa Wathai walivyoingia katikati ya miaka ya 90. Songea hivyo hivyo. Ilakaka kule Madagaska 1998 hivyo hivyo, Winza pale Mpwapwa mwaka 2008 hivyo hivyo, halafu Montepuez Msumbiji. Na zile spineli za Ipanko, Mahenge, za 2007, ile fuwele moja ya kilo 52 na wenzake, sehemu kubwa ya mali ile ilipita Thailand. Kwa hiyo ukikaa mtaa wa Si Chan Jumamosi mawe yanayopita mbele yako ni ya Afrika Mashariki, ya Msumbiji na ya Madagaska kuliko ya Thailand. Mara ya kwanza kukaa pale nikisikia mtu anamwambia mteja "Tanzania" kwa fahari, akimaanisha sifa ya jiwe, kiukweli nilijisikia vizuri na nikaumia hapo hapo, maana najua shimoni liliuzwa shilingi ngapi.

Songea ina kisa chake na kila anayenunua pale lazima akijue. Safaya za Songea zilikuwa nyingi lakini rangi zake hazikuwa na soko, za giza, kijivu, kijani chafu. Mwishoni mwa 2001 zikaanza kutoka Chanthaburi safaya za chungwa na pinki ya chungwa, rangi ile ya padparadscha ambayo ni ghali mno, nyingi kuliko ilivyowahi kuonekana, na wauzaji wakisema ni kuchoma kwa kawaida. Mwanzoni mwa Januari 2002 Wamarekani wakatoa tahadhari, maabara zikachimba, ikaja kuonekana wachomaji wanachanganya mawe na krisoberili, kito kingine, ndani ya chungu kimoja na elementi ya beriliamu iliyomo inaingia ndani ya safaya na kubadilisha rangi. Mawe ya Songea na Ilakaka ndo yalikuwa yanatumika sana. Bei zilianguka, watu waliokuwa na stoo waliumia, na mpaka leo safaya ya njano kali au ya chungwa ukiiona pale uliza swali moja tu: ina beriliamu? Muuzaji wa kweli atakujibu kwa kifupi ina au haina na bei itaendana. Mi sioni ubaya wa jiwe lililochomwa kwa beriliamu likiuzwa kwa jina lake, ubaya ni kunyamaza.

Kibaya zaidi kwangu ni rubi za kioo. Hizi zilianza kuonekana 2004 hivi, rubi mbovu iliyopasuka pasuka inasafishwa kwa asidi, inajazwa kioo chenye risasi, inatoka nyekundu inayowaka kwa bei ya kutupa. Ukiiona rubi ya karati tano inauzwa kwa hela ya viatu ndo yenyewe hiyo. Ikae chini ya taa uizungushe taratibu na lenzi ya mara kumi, utaona mwako wa bluu kwenye mipasuko na vipovu vya hewa. Sonara akiipiga moto wakati wa kutengeneza pete inaharibika, hata ndimu tu inaila. Usirudi nazo nyumbani kuuzia watu harusi, tafadhali. Na kwenye loti za vijiwe vidogo vidogo ndani ya mia utakuta wametupia vya kutengenezwa kiwandani kadhaa, kwa hiyo usinunue loti bila kumwaga yote kwenye trei na kupitia moja moja. Kama jiwe ni la pesa nyingi lipeleke maabara kabla ya kulipa, taasisi ya serikali yao ya vito, GIT, ina huduma hapo hapo mjini na broka mwaminifu atakubali mwende naye. Akikataa maabara, funga karatasi mrudishie.

Chuo kikuu cha Burapha kina tawi mkoa huu, wilaya ya Tha Mai, na pale kuna kitivo kizima cha vito. Kitivo! Kijana anasoma digrii ya kuchoma, kukata na kupima mawe mkoa ule ule lilipo soko, halafu wikiendi anamsaidia baba yake mezani. Nimekaa na mmoja wao akanieleza tofauti ya inkluzheni (vijidoa vya ndani ya jiwe) za spineli ya Mahenge na ya Burma bila kutoa simu mfukoni, na hajawahi kukanyaga Afrika.

Waafrika pale utawakuta wengi, hasa kutoka Guinea na Mali, hawa ndo wamejaza nafasi ya kuleta mawe ghafi kutoka Msumbiji na Madagaska, wengine wana familia pale na Kithai kinawatoka kama wazaliwa. Wachache walishapita Tunduru enzi zile, ukisema umetoka Tanzania wanakusalimia "mambo vipi mzee" na bei ya chai wanakulipia. Kupitia wao utapata chakula cha halali, kuna vijimgahawa karibu na soko wali na nyama ya mbuzi, maana chakula maarufu cha mji ule ni nyama ya nguruwe iliyopikwa na majani machachu ya chamuang, sasa Muislamu aulize kabla ya kuchota. Tambi zao za mchele ndo zinazobeba jina la mji, sen chan, nyembamba na zina mvuto, zikikaangwa na kaa ni chakula cha nguvu.

Matunda sasa. Ukienda Mei mpaka Juni umewahi msimu, na watu wa Unguja watajisikia nyumbani kwa sababu ni doriani na shokishoki kila kona, pamoja na mangostini. Doriani ya Chanthaburi inapakiwa makontena kwenda China na kuna wakulima pale wana hela kuliko wauza vito, nimeona kabisa mtu anashuka kwenye pikapu yenye matope ananunua safaya ya mke wake bila kuuliza bei mara mbili. Ila hotelini hairuhusiwi kwa sababu ya harufu, kula huko huko sokoni. Pilipili manga yao nzuri sana pia na haina uzito kwenye begi.

Malazi yapo ya kutosha na bei zake kwa mtu wa Dar ni za kawaida, shida ni kwamba wikiendi vyumba karibu na Si Chan vinaisha. Nyumba moja ya wageni kando ya mto niliyolala chumba kilikuwa kinanuka unyevu na kufuli la kabati halikuwa linafunga, sasa mtu mwenye mawe hawezi kuishi hivyo. Lala penye sefu, hata kama ni mbali kidogo, na mzigo usibebe wote kwa pamoja kwenda sokoni.

Asubuhi ya Jumapili kabla soko halijachangamka tembea kando ya mto, ile sehemu ya zamani wanaiita Chanthaboon. Nyumba za mbao za Wachina na Wavietnamu zimepangana mtaa mwembamba, nyingine ni maduka ya dawa za asili, nyingine wamefanya migahawa. Ukivuka daraja la miguu unafika kanisa kuu la Katoliki, ndo kubwa kuliko yote Thailand, na hili limejengwa na vizazi vya Wavietnamu waliokimbia mateso ya dini kwao mwanzoni mwa karne ya 18. Jengo la sasa ni la 1909. Ndani kuna sanamu ya Bikira Maria iliyopambwa kwa safaya zaidi ya 200,000. Laki mbili! Mi sio Mkatoliki lakini nilisimama pale muda mrefu nikiangalia jinsi walivyopanga rangi, za bluu na za njano, kazi ya watu wa mji wenyewe kwa mawe yao wenyewe.

Huu mji umepitia mengi. Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, ulipokuwa unakaribia kuangushwa na Waburma 1767, jemadari Taksin alikimbilia upande huu na kabla ya kuishambulia Chanthaburi aliwaamrisha askari wake wavunje vyungu vyote vya chakula, kwamba kesho tunakula ndani ya mji au hatuli kabisa. Wakaingia. Kutoka hapo alijenga jeshi na majahazi akarudi kuikomboa nchi, na sanamu yake akiwa juu ya farasi utaiona kwenye bustani kubwa ya mji. Wafaransa nao waliukalia kuanzia 1893 mpaka 1904, wakiushika kama dhamana katika ugomvi wao na Siam (jina la zamani la Thailand) juu ya Laos, na kule Laem Sing pwani kuna jela ndogo ya matofali waliyoiacha, wenyeji wanasimulia kuku walifugwa juu na wafungwa chini. Na sasa hivi tena, tangu Juni 2025 vivuko vya Ban Laem na Ban Phakkat wilaya ya Pong Nam Ron vilifungwa, Julai na Desemba yake Thailand na Kambodia zikapigana kabisa kwa silaha. Vibarua wengi wa Kambodia waliokuwa wanachuma matunda waliondoka kurudi kwao na wakulima walilia. Soko la vito halikutikisika sana kwa sababu mawe siku hizi yanakuja kwa ndege, ila usipange kuzunguka upande wa mpaka kuona Pailin, kaa mjini.

Kuhusu makaratasi yetu, usijaribu njia za panya. Mawe yapite soko la madini, upate kibali cha Tume ya Madini, ulipe mrabaha na ada ya ukaguzi, tanzanaiti ghafi inayozidi gramu moja ilishapigwa marufuku kutoka nje tangu 2010 kwa hiyo peleka iliyokatwa. Ukifika Bangkok tangaza forodha, uwe na karatasi zinazolingana na mzigo karati kwa karati. Viza inaombwa mtandaoni na inashughulikiwa na ubalozi wao wa Nairobi, kadi ya homa ya manjano usiisahau, wanaiuliza. Na viza ya utalii sio kibali cha kazi, ukitaka kukaa mezani wiki hadi wiki tafuta utaratibu wa biashara kwanza, polisi wanapita na nimeona watu wakichukuliwa.

Nini kinatoka haraka: spineli ya Mahenge safi yenye rangi, hiyo hata usiende na bei ya chini, tsavoraiti (garneti ya kijani) iliyokatwa vizuri kuanzia karati moja, safaya za Tunduru zisizochomwa hasa zile zinazobadilika rangi, na garneti za pinki za Umba. Tanzanaiti inauzika lakini pale ina ushindani mkali na wanunuzi wake wengi wako Jaipur, kwa hiyo isiwe ndo tegemeo la safari. Tomalini za kawaida acha nyumbani.

Msikose kuangalia kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina wanunuzi wa Hong Kong na China wanaondoka wote, na Songkran, mwaka mpya wa Kithai, tarehe 13 mpaka 15 Aprili, mji mzima unamwagiana maji barabarani na hakuna anayefungua karatasi ya mawe. Novemba na Desemba hali ya hewa nzuri, mvua zimekata, na mezani kuna pesa.